Upote wa Upinde

Silaha ni nyingi ulimwenguni, lakini upinde una tabia yake peke yake: humtaka mwenyewe avute nyuma kabla ya kupeleka mbele. Kila mshale huanza safari yake kwa kurudi. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu ya swali nililoulizwa na mpwa wangu, ambalo sikuweza kulijibu siku ile.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Shinyanga, wakati Sungusungu walipokuwa wakianza. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilienea na wizi wa ng'ombe ukazidi. Wanakijiji waliamua kujilinda kwa upinde, mshale na filimbi, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi, akirudi kutoka doria, aliutundika upinde wake ukutani, podo kando yake, na upote akaufungua upande mmoja. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kuwa upinde uliotiwa upote usiku na mchana huchoka kabla ya mpigaji. Nilikuwa mtoto, nililisikia neno lakini sikuisikia maana.

Mwaka juzi nilisafiri mpaka Geita kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akichimba dhahabu pamoja na wachimbaji wadogo. Pale machimboni kila mtu anajua hadithi ya fulani aliyelala maskini akaamka tajiri. Wale walioamka kama walivyolala hawana hadithi. Tulikaa juu ya viroba vya mawe. Vumbi lilikuwa limempaka kijana rangi moja na ardhi. Baada ya kuulizana habari za nyumbani aliniambia kwa upole, bila utovu wa adabu: "Mjomba, ng'ombe wa mahari ya mama waliuzwa ili wewe usome. Umesoma zaidi ya miaka ishirini. Umepata nini?"

Ni kweli. Ng'ombe wale ndio waliolipa karo yangu. Shahada ya uzamivu niliipata nikiwa na miaka 43, na mswada wa kitabu changu umekwisha rudishwa mara tatu na wachapishaji. Nilitazama chini, nikaomba maji ya kunywa.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, niliyakumbuka maisha ya mpiga upinde mmoja. Upinde ni mchezo wa heshima duniani, hata kwa jirani zetu: mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Kenya, taifa la wakimbiaji, ilimpa Shehzana Anwar, mpiga upinde, aitangulie na bendera yake. Lakini niliyemkumbuka ni Mjapani, na kazi yake ni kama yangu, ualimu. Jina lake ni Hiroshi Yamamoto, aliyezaliwa mwaka 1962.

Mwaka 1984, huko Los Angeles, Yamamoto alipata medali ya shaba akiwa na miaka 21. Aliyemwona siku ile angaliapa kuwa dhahabu i karibu. Alikwenda Seoul mwaka 1988, Barcelona mwaka 1992 na Atlanta mwaka 1996. Kote huko hakupata medali ya mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2000, Sydney, hakuwamo kabisa. Alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, na wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha weka pinde zao.

Mwaka 2004 alisimama tena mstarini, Athens, akiwa na miaka 41. Shabaha ilikuwa mita 70 mbele yake, na kiini chake, chenye alama kumi, kina upana wa sentimita 12.2, haukizidi kisahani cha kikombe cha chai. Aliwashinda wapinzani mmoja baada ya mmoja hata akafika fainali. Huko alikutana na Marco Galiazzo wa Italia, kijana wa miaka 21, umri uleule aliokuwa nao Yamamoto alipopata shaba. Kila mmoja alipiga mishale 12. Galiazzo alipata alama 111, Yamamoto 109.

Kutoka shaba hata fedha, miaka 20. Mwenye haraka atacheka. Lakini sisi Watanzania hatuwezi kuidharau fedha, maana medali mbili tulizopata katika Olimpiki hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, zote za Moscow mwaka 1980, ni za fedha. Nililala nikiwa na furaha. Nilidhani nimepata jibu: kukosa si kushindwa, na mwaka wa kutokuwapo mstarini huenda ukawa ni upote uliofunguliwa tu, ili upinde usichoke.

Kulipopambazuka niliiona kasoro ya jibu langu. Subira ya Yamamoto ilikuwa na mshahara wa ualimu. Subira yangu ililishwa na ng'ombe wa dada yangu. Subira ya kijana huyu itakula nini? Kumhubiria mwenye njaa subira ni kumwonyesha shabaha bila kumpa upinde. Wala yeye hakuniuliza habari za medali. Aliniuliza habari za deni.

Nilirudi machimboni nikamsimulia habari za Yamamoto, kisha nikamwambia kwamba karo ya chuo cha ufundi iko tayari, siku yoyote atakayoitaka, na kwamba hiyo si zawadi. Alicheka kidogo, akasema, "Nitafikiri, mjomba," akashuka shimoni. Hajanijibu mpaka leo, nami sijaitumia ile karo kwa jambo jingine.

Baba alipofariki, upinde wake ulikuja kwangu. Umetundikwa juu ya meza ninapoandikia, na upote wake umefunguliwa upande mmoja. Mswada nimeutoa sandukuni, ninausahihisha kwa mara ya nne. Maisha marefu ya ustadi ni kitu kizuri, lakini mtu asijisifu kwamba ameyaishi peke yake. Nyuma ya kila aliyedumu mstarini yupo aliyemshikia podo, na huyo naye ana watoto.