Hapo Nani Alikuwa Akinywa Maji?

Semesta iliyopita tulipewa kazi ya kikundi: chagueni kituo kimoja cha kale cha mawasiliano, mweleze kwa nini kilijengwa pale. Sisi tuliotaka alama za chee tukachukua Barrow Creek, kituo cha telegrafu katikati ya Australia.

Pale kimbwetani mambo yalionekana mepesi. Laini ilikamilika mwaka 1872, kama kilomita 3,200 za nguzo na waya, kutoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini. Habari za London zilizokuwa zikichukua miezi kwa meli zikaanza kufika kwa saa. Lakini umeme hufifia njiani, kwa hiyo vikajengwa vituo vya kupokea ujumbe na kuurusha tena. Barrow Creek kipo kama kilomita 280 kaskazini mwa Alice Springs. Kiangazi joto huvuka nyuzi 40, usiku wa kipupwe baridi inauma, na mto mara nyingi ni mchanga mtupu. Basi kituo lazima kikae penye maji. Slaidi zikaisha.

Siku ya kuwasilisha, dokta akauliza swali moja tu: "Kabla ya waya, hapo nani alikuwa akinywa maji?" Kimya. Na rimoti nimeishika mimi.

Usiku nikarudi kusoma. Walikuwa Wakaytetye. Tarehe 22 Februari 1874 walikishambulia kituo. John Franks aliuawa. Mkuu wa kituo, James Stapleton, alichomwa mkuki, akamtumia mkewe aliyekuwa Adelaide maneno ya kuagana kwa waya uleule, kisha akafa. Wanahistoria wanataja ugomvi wa maji, na wanawake kutendewa vibaya. Misafara ya kisasi ikaua Wakaytetye wengi. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Makaburi ya Stapleton na Franks yapo palepale, yamezungushiwa ukuta.

Stapleton namwelewa. Mimi mwenyewe nikiwa mbali na nyumbani, meseji ya mama ndiyo inaniweka sawa. Ila Wakaytetye nao walikuwa na wake na mama, na sisi kwenye slaidi 14 hatukuwataja hata mara moja.

Mwezi ujao naenda fildi, kupima maeneo ya kusimika minara. Fomu tuliyoonyeshwa ina nafasi ya umbali, umeme na barabara. Swali la dokta halimo. Nitaliandika pembeni kwa kalamu.