Taa Iliyowaka Saa Saba za Usiku

Tamthilia nyingi za uhalifu humshughulisha mtazamaji kwa swali moja: ni nani aliyeua? Adolescence, iliyotoka Uingereza mwezi wa Machi 2025, imelimaliza swali hilo mapema. Sehemu ya kwanza haijaisha, nasi tumekwisha kuona katika picha za kamera za barabarani kwamba Jamie Miller, mtoto wa miaka 13, ndiye aliyemchoma kisu Katie, msichana wa shule yao. Sehemu tatu zilizobaki zinauliza kwa nini.

Wengi tuliozungumza nao wanaisifu sehemu ya tatu, ambapo Jamie amekaa chumba kimoja na mwanasaikolojia, na hasira yake inafunuka kidogo kidogo mpaka mtazamaji anaogopa. Hatuna ugomvi nao. Owen Cooper, aliyemwigiza Jamie, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, na mwezi wa Septemba 2025, akiwa na miaka 15, alitunukiwa tuzo ya Emmy. Lakini sisi wenye watoto ndani ya nyumba, sehemu ya nne ndiyo iliyotukalisha kitako.

Imepita miezi 13 tangu mauaji. Ni siku ya kuzaliwa kwa baba, Eddie, fundi wa mabomba, anatimiza miaka 50. Asubuhi hiyo anakuta gari lake la kazi limepuliziwa rangi kwa neno chafu, tusi la wanajisi wa watoto, tena limekosewa herufi. Analisugua kwa maji na povu, halitoki. Basi familia nzima, baba, mama Manda na binti yao Lisa, wanapanda gari hilo hilo kwenda kutafuta cha kulifutia. Kamera iko nao muda wote, haikatwi hata mara moja, kama zilivyopigwa sehemu zote nne. Wanajitahidi kucheka. Wanakumbushana walivyokutana wakiwa vijana. Wakiwa njiani kurudi, Jamie anapiga simu kumtakia baba yake heri ya siku, kisha anamwambia kwamba ameamua kukiri kosa mahakamani. Mama na dada wanasikia kila neno, naye hakujua kama wapo. Baada ya simu hiyo ndani ya gari kunakuwa kimya, na kimya kile, kwa rai yetu, kinashinda makelele yote ya mapolisi wa sehemu ya kwanza.

Kisha wanafika nyumbani, na mume na mke wanakaa chumbani mwao. Hapa ndipo penyewe. Eddie anasema baba yake alikuwa akimpiga kwa mshipi, naye akaapa kwamba wanawe hatawafanyia hivyo. Hakuwafanyia. Alimpeleka Jamie kwenye mpira ili akomae, mtoto hakuuweza, na wababa wengine walipocheka, yeye aliutazama upande wa pili. Wakamnunulia kompyuta. Mtoto akawa akirudi shule anapanda moja kwa moja chumbani, anafunga mlango. Manda anakumbuka akiiona taa ya chumba chake ikiwaka saa saba za usiku. Alikuwa akigonga, akimwambia alale, kesho kuna shule. Taa ilizimwa. Mtoto hakujibu neno. Nao walijua yuko chumbani mwake, yuko salama.

Mama msomaji, ni nani kati yetu asiyeijua taa hiyo? Nyumba zetu za zamani hazikuwa na siri nyingi. Watoto walilala ukumbini, na bibi alisikia hata kikohozi. Leo kijana wa Mombasa au Malindi ana mlango wake, ana simu yake na vidude vyake masikioni, na sisi tukimwona hayuko barabarani wala hayuko maskani na wavuta bangi, tunasema alhamdulillahi. Hiyo alhamdulillahi ndiyo sehemu ya nne inayotuuliza habari zake.

Kilichotufurahisha ni kwamba tamthilia haikukimbilia jibu jepesi. Sisi Waswahili tuna usemi, mwana umleavyo ndivyo akuavyo, nao mara nyingi ni kweli. Lakini Lisa ni mtoto wa wazazi wale wale na nyumba ile ile, na ni binti mwenye akili na huruma. Eddie anauliza, huyu tulimpataje? Manda anamjibu kwamba walimpata kama walivyompata Jamie. Tuliposikia hayo hatukuongea kwa muda. Manda ndiye mwenye uthabiti zaidi: hataki wajitese, na pia hataki wajisafishe kabisa.

Lakini tuna lawama, na si ndogo. Katie yuko wapi? Katika sehemu ya pili askari wa kike analalamika kwamba watu watamkumbuka muuaji, aliyeuawa asahaulike. Kisha tamthilia yenyewe inakwenda kufanya hivyo hivyo. Saa nzima ya mwisho ni machozi ya nyumba ya kina Jamie. Katika sheria yetu, mtu akiuawa, jamaa zake ndio wa kwanza kusikilizwa: wao ndio wenye haki ya kudai kisasi, au kupokea dia, au kusamehe. Hapa wenye damu hatuwaoni hata mlangoni. Kuna watakaosema kwamba hii ni hadithi ya nyumba ya muuaji, na hadithi moja haiwezi kubeba yote. Twakubali. Ila mama aliyezika binti yake si kitu cha kuachwa nje kwa kukosa nafasi, na dakika zile za duka la rangi zingeweza kupunguzwa.

Tunawatahadharisha pia kwamba matusi ni mengi, hivyo si ya kuwashwa ukumbini watoto wadogo wakiwapo. Wakubwa wa sekondari ni bora waitazame pamoja na mzazi, si peke yao chumbani.

Mwishoni Eddie anaingia chumba cha Jamie, anakifunika shuka kidoli cha dubu kitandani, anamwomba radhi mtoto asiyekuwepo. Tulilia, hatufichi. Na tulipokwisha kulia tuliulizana, mamake Katie naye chumba cha binti yake amekifanyaje: amekifunga, au bado anaingia kukunja nguo?