Mdada wa Njombe Aliyekataliwa Chuo Mara Nne: Kumbe Kilichomchelewesha Sio Fizikia Tu

Pale Ramadhani, Njombe mjini, kuna mdada ambaye mwaka 2021 majirani walishaanza kumwita "dokta" kabla hata chuo hakijamjibu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na alitaka kitu kimoja tu: fiziotherapia. Usidhani alikuwa na stori ndefu ya hospitali. Alikuwa anawaona kwenye TV wale jamaa wanaochomoka mbio na begi mchezaji akidondoka kwenye mechi ya Simba na Yanga, akasema ipo siku mwenye begi atakuwa yeye.

Matokeo yakatoka: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia S.

Kwa asiyejua, S sio ziro, lakini haihesabiki kama ufaulu kamili. Na digrii ya fiziotherapia inataka ufaulu kamili kwenye masomo yote matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwa C na D zake angeweza kupata kozi nyingine ya sayansi. Hakutaka. Akaaplai fiziotherapia dirisha la kwanza, jina halikutoka. Dirisha la pili, halikutoka. Mwaka 2022 akarudi na vyeti vilevile, akabadilisha vyuo tu. Mara mbili tena, holaa.

Kila akikosa alikuwa na mtu wa kulaumu. "Bongo bila konekisheni hupati kitu." Shangazi alisema ni nyota. Shosti wake akasema ajaribu vyuo vya mbali, wako wanaochukua mtu yeyote. Hakuna aliyemwambia, "Mdogo wangu, hiyo S inakuumiza." Au pengine waliambiana wao kwa wao.

Ndipo akaingia jamaa wa WhatsApp. Picha ya wasifu ana joho la mahafali, lugha tamu, anasema ana mtu ndani, nafasi ipo, atume laki mbili na nusu leo kabla mfumo haujafungwa. Mdada alikuwa nayo hiyo hela. Alikuwa ameipata kwa kuuza parachichi na viazi, anafunga mzigo Njombe anaupeleka Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na magari ya safari hayakauki. Alishaandika mpaka namba ya kutuma. Kilichomwokoa ni kwamba jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Akaghairi. Usiku ule hakulala, na sio kwa sababu ya baridi.

Mwanzoni mwa 2023 baba yake akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mkono na mguu. Mzee aliyekuwa anapakia mbao kwenye malori akawa anageuzwa kitandani kama mtoto. Mama analia, ndugu wanakuja na dawa za kila aina, na mdada, mwenye digrii ya ndotoni, hajui hata amshike wapi.

Siku ya kwanza ya mazoezi hospitalini alimvuta baba kwa ule mkono uliolegea ili amkalishe. Mtaalamu wa viungo akamzuia.

"Dada, usimvute huo mkono. Bega halina misuli ya kulishika, utalichomoa."

"Samahani dokta."

"Hapa. Mshike kiunoni, wewe kunja magoti, karibia mwili wake. Usitumie mgongo."

Akafanya. Baba akasimama kwa sekunde kadhaa, anatetemeka, lakini kasimama. Mdada anasema hapo ndipo lile begi la uwanjani lilipofutika kichwani mwake.

Wakaambiwa mazoezi ni kila siku nyumbani. Kumgeuza kitandani kila baada ya muda asipate vidonda. Kukunja na kunyoosha vidole. Kukaa, kusimama, kukaa, kusimama. Asubuhi kabla hajaenda kwenye parachichi, jioni akirudi.

Sasa angalia maajabu. Siku moja anainua mkono wa baba, akagundua akishika karibu na kiwiko mkono ni mzito, akishika kwenye kifundo ni mwepesi. Akacheka peke yake. Ni wenzo ule! Kiwiko ndio egemeo, mkono ndio mzigo, na nguvu inayohitajika inapungua kadiri unavyoshika mbali na egemeo. Mada ileile aliyokariri miaka miwili bila kuielewa, ikampa S, ilikuwa imelala kwenye kitanda cha baba yake.

Akatoa vyeti, akavisoma kama vya mtu mwingine. Akakubali kwamba sio nyota wala konekisheni. Ameaplai mara nne na udhaifu uleule, anabadilisha bahasha wakati barua ni ileile.

Akajisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakurudia Fizikia peke yake, alirudia yote matatu ili matokeo yasimame kwenye cheti kimoja. Ile laki mbili na nusu ya tapeli ikageuka hela ya usajili, vitabu na twisheni. Kila Jumamosi akishamaliza kuuza Makambako, anakwenda kwa mwalimu mstaafu wa Fizikia, anasoma mpaka jioni, ndio anapanda kosta kurudi kilomita kama 60 za baridi. Madaftari yake yalikuwa yananuka viazi.

Mei 2024 akafanya mtihani. Julai matokeo: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Kwa hesabu ya udahili C ni pointi 3 na D ni 2, jumla 7. Mama yake akapiga vigelegele hadi jirani akaja mbio, "Kamwene, kuna nini huku?"

Ungetegemea stori iishe hapo, sio? Akaaplai digrii, dirisha la kwanza. Akakosa. Mara ya tano!

Hili watu wengi hawaambiwi. Kigezo cha chini kinakuruhusu kuingia kwenye mashindano tu, hakikupi kiti. Kozi ina nafasi chache, na wewe na 7 zako unagombea na wenye 10 na 12. Kwa miaka mingi wataalamu wengi wa fiziotherapia nchini walitokea KCMC, Moshi, na mpaka leo vyuo vinavyoifundisha sio vya kumwaga.

Ila safari hii hakuwa na tiketi moja. Wiki ileile alikuwa ameaplai diploma pia, kupitia mfumo wa NACTVET, kwa matokeo yake ya kidato cha nne. Diploma nyingi za afya zinataka angalau ufaulu wa D nne, zikiwemo za Kemia, Baiolojia na Fizikia, na yeye alikuwa nazo tangu zamani. Miaka mitatu ya masomo, na ukitoka na GPA nzuri, kuanzia 3.0, mlango wa digrii unafunguka. Hata mikopo ya serikali ilishaanza kutolewa kwa baadhi ya fani za diploma tangu 2023/24, za afya zikiwemo.

Jina likatoka, diploma. Na hapo ndipo lilipomchoma. Cheti cha kidato cha nne alikuwa nacho toka mwanzo. Kama angeaplai diploma 2021 na kupata, 2024 angekuwa anamaliza. Siku baba anaanguka, angekuwa anajua pa kushika. Kwa nini hakuaplai? Alimwambia mama yake ukweli jikoni, anamenya viazi: "Niliona aibu, mama. Fomu siksi nikakae darasa moja na watoto wa fomu foo? Watu wangesemaje?"

Mama akamjibu, "Hao watu ndio wanaomgeuza baba yako kitandani?"

Angeweza kusubiri dirisha la pili la digrii. Hakusubiri. Aliondoka na begi moja, na asubuhi ile baba alimsindikiza mpaka getini kwa fimbo, mguu wa kushoto unaburuta kidogo, hataki kushikwa. Sasa hivi kazi ya kumhesabia baba mazoezi ameachiwa mdogo wake wa darasa la sita, na anapiga simu kila jioni kuuliza kama kweli yamefanyika.

Wewe uliyekataliwa mwaka huu, umeshavisoma vyeti vyako kama vya mtu mwingine? Na kuna njia gani unaiona kabisa lakini unaona aibu kuipita? Dondosha maoni yako hapo chini.