Kakuma: kibali cha kuingia, kibali cha kutoka

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia barua pepe. Kamaliza chuo, anajua kuandika programu, anataka kwenda kujitolea nje ya nchi miezi mitatu, anauliza abebe nini. Nikaanza kumpangia orodha: tochi, bisibisi, flashi. Nikaifuta. Afadhali nimsimulie habari ya RAM nilizonunua Lodwar, na nyie wasomaji wengine mkae msikilize.

Mwaka ni 2009. Nina miaka 23, natoka Arusha, digrii mbichi na kichwa kikubwa. Shirika moja dogo lilikuwa na darasa la kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, likawa linatafuta "mtaalamu" wa kujitolea. Nikapita Namanga, Nairobi, Kitale, kisha barabara ya kwenda Lodwar, ambayo miaka ile ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na lami kidogo.

Lodwar ndio mji mkubwa wa Turkana. Joto, vumbi, mto Turkwel, na kina mama wa Kiturkana wenye shanga shingoni wakiuza vikapu. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipomweka Jomo Kenyatta mwaka 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung. Kifungo kimekwisha, lakini kuondoka haruhusiwi. Likumbukeni hilo.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilometa 120. Kambi ilianza mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita Sudan. Nilipofika mimi walikuwepo pia Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Halafu kuna jambo linalonichekesha hadi leo: makala nyingi za Kiingereza zinadai eti "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipojulikana". Msomaji wangu, umewahi kulisikia neno hilo kwa bibi yako? Mimi sijalisikia. Kakuma ni mji wa Waturkana, una wenyewe.

Tuendelee. Darasani kulikuwa na kompyuta 11 za Pentium III, zenye monita za kichogo. Mwenyeji wangu alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu wa makamo, wote wakimwita Mwalimu. Mimi nilimwita kaka, yeye akaniita ndugu. Kila asubuhi alifungua mashine moja moja na kupuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Kompyuta ikilia piii piii na kioo kikabaki cheusi, alichomoa RAM, akasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, akairudisha. Inawaka! Nimesoma chuo miaka mitatu, hakuna aliyewahi kunionyesha hilo.

Na mimi nilitaka kuonekana. Nilikwenda na Ubuntu kwenye zile CD za bure zilizokuwa zikitumwa kwa posta dunia nzima, pamoja na OpenOffice ya Kiswahili, ile iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikaziweka zote kwenye mashine zote. Wanafunzi wa Kikongo waliposoma menyu walicheka: "Hiki Kiswahili cha wapi?" Lakini walifurahi. Wengi walijua Kifaransa, Kiingereza kilikuwa kinawapiga chenga.

Tatizo ni kwamba kila mashine ilikuwa na RAM ya MB 128 tu, na Ubuntu ile ilitaka angalau mara mbili yake. Kompyuta zikaanza kutambaa. Kubofya herufi, kungoja, kunywa maji, ndipo herufi itokee. Na wanafunzi tisa walikuwa na barua za kuomba nafasi za masomo, mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa.

Nikasema nitakwenda Lodwar kununua RAM. Mwalimu akasema ingefaa aende yeye. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri: uombe, ueleze sababu, ungoje. Alishaomba mara mbili huko nyuma bila kupata. Basi akachomoa RAM moja kuukuu akanipa. "Chukua hii kama mfano. Zetu zina mapengo mawili kwenye meno, si moja."

Sikuichukua. Nilimwambia, "Kaka, mimi nimesomea hii."

Niliondoka na magari yenye askari wa kusindikiza, nikalala Lodwar, nikanunua RAM sita zilizotumika. Nikarudi Alhamisi mchana, nyusi nyeupe kwa vumbi. Mwalimu akaishika ya kwanza, akaitazama, akaiweka mezani polepole. Pengo moja. Nilikuwa nimenunua DDR kwa mashine za SDRAM. Haziingii hata uzilazimishe kwa nyundo.

Hakunigombeza. Akafungua mashine tano, akatoa RAM zake, akaziongeza kwenye nyingine tano. Tano zikafa ili tano zipone, na ya 11 ikabaki kusuasua. Tukapokezana wanafunzi hadi mafuta ya jenereta yakaisha usiku. Barua saba zikachapwa. Wanafunzi wawili walipeleka za kuandika kwa kalamu, na kesho yake sikuweza kuwatazama usoni.

Usiku ule tulikaa nje. Nikamwambia, "Kaka, ungekwenda wewe usingekosea."

"Ndiyo," akasema. "Lakini Lodwar nimeiona mara moja tu, dirishani, nilipoletwa hapa 2001. Wewe ulihitaji karatasi ili uingie. Mimi nahitaji karatasi ili nitoke. Njo vile, ndugu."

Wote wawili tulikuwa wageni Kenya. Na kuna jambo jingine nililogundua siku zile: mkimbizi anayefanya kazi kwenye mashirika kambini halipwi mshahara, hupewa malipo madogo yanayoitwa insentivu. Posho yangu, mimi "mtu wa kujitolea", ilikuwa kubwa kuliko insentivu yake. Sasa nani alikuwa anajitolea pale?

Mwezi wa mwisho nilikuwa nimepanga kuandika programu ya mahudhurio. Niliiacha. Badala yake yeye akawa anasema, mimi napiga chapa: pampu, ufutio, mapengo, namna ya kufanya mashine mbili mbovu ziwe moja nzima. Kurasa 40 na michoro. Kiswahili chake cha Uvira sikukisahihisha. Kwenye jalada likakaa jina lake peke yake.

Mwaka 2012 mtu wa kujitolea mwingine aliniandikia kuniomba faili la "kile kitabu cha Mwalimu". Kuhusu Ubuntu yangu hakuuliza neno.

Mambo yamesogea tangu hapo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi mwaka 2021, na Machi 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi pamoja. Ikitimia, fundi wa Kakuma atakwenda Lodwar kununua RAM yake mwenyewe, na hatahitaji mtoto wa Arusha.

Basi kijana, jibu lako hili hapa. Bisibisi beba, tochi beba. Ukifika, mtafute anayeifanya kazi hiyo tayari, maana yupo, halafu muulize ni kitu gani yeye hawezi kukifanya kwa kuwa karatasi inamzuia. Hicho ndicho ukifanye. Na akikupa mfano wa kwenda nao dukani, uchukue.

Zile RAM sita za Lodwar? Moja ipo hapa mezani kwangu. Pengo moja.