Masisi hadi Walikale: mwili na daftari la hesabu

Ukitoka Sake kupanda kwenda Masisi-Centre, lami inabaki nyuma na kinachofuata ni udongo, mawe na mteremko. Hapo ndipo chukudu, kigari cha mti cha magurudumu mawili, inapoeleweka. Goma imeitengenezea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia panda, na wageni huipiga picha. Huku Mushaki inashuka na viazi, makabichi na magunia ya makaa, mwenyewe amepiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukichunga breki ya kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Mzigo ni mamia ya kilo. Kurudi juu, mti wote huo unasukumwa kwa mabega.

Nilipita njia hii kabla waasi wa M23 hawajaiteka Masisi-Centre na Sake, Januari 2025. Mkobani nilikuwa na karatasi za chuo. Deakin, cha Melbourne, Australia, kimefundisha shahada mbili kwa pamoja katika miaka 4: sayansi ya mazoezi na michezo, pamoja na usimamizi wa biashara ya michezo. Mwanafunzi anasoma anatomia, lishe na namna misuli inavyofanya kazi; muhula huohuo anasoma hesabu za fedha, mikataba na masoko. Aliyeniomba karatasi hizo ni kijana wa Masisi, mchezaji wa kiungo, mtoto wa mfugaji, aliyekwisha kufaulu mtihani wa serikali. "Papa, kwetu naambiwa nichague kimoja," aliniambia. Akitaka biashara, kuna Institut Supérieur de Commerce ya Goma au kitivo cha uchumi na usimamizi cha Université de Goma. Akitaka elimu ya viungo, anaelekezwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Nilikubali kusafiri nikiwa na masomo yake yote mawili kichwani.

Masisi ni nchi ya malisho, ng'ombe na jibini, na vilima vingi vinapita mita 2,000. Wengi hudhani kupanda ndiko kunakomaliza miguu. Fiziolojia inasema vingine. Anayeshuka na mzigo anazuia, na msuli unaozuia hufanya kazi huku ukinyooshwa. Nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na maumivu huja kesho yake. Wenye chukudu hawahitaji kuambiwa. Waliweka mikono juu ya goti lao kabla sijamaliza swali. Ila goti hilo haliingii popote katika hesabu. Bei ya kabichi sokoni Goma ina gharama ya shamba, ya gunia, ya ushuru. Gharama ya mwili ulioliteremsha haimo, na mwenye mwili huo hana pa kuidai.

Baada ya Nyabiondo na Kashebere, malisho yanakwisha na msitu unaanza. Walikale ina eneo la kilomita za mraba 23,000 na zaidi, karibu mara 5 ya Masisi. Hewa ni nzito na ya moto, matope yanashinda gurudumu la mti, na mzigo unarudi mgongoni. Akina mama hubeba vikapu kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, na jambo hili sayansi imelipima, hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa ukanda wa paji. Walionekana kuweza kuchukua mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao, bila mwili kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Norman Heglund, mmoja wa watafiti wale, alirudi na wenzake mwaka 2005, safari hii katika Science, wakiwa wamepima wapagazi wa Nepal. Wanaume walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao. Siri yao ilikuwa kwenda polepole na kupumzika mara nyingi.

Ishikilie hiyo siri, kwa sababu Walikale iliivunja. Kabla kampuni ya Alphamin haijajenga barabara, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ya mgodi wa Bisie ilitoka msituni juu ya migongo ya wanaume: gunia la kilo 50, kilomita 40 hivi za njia ya miguu hadi Ndjingala. Kutoka hapo ilifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara na kuipeleka Goma. Mtu wa kilo 60 alikuwa amebeba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, kama Mnepali, lakini ndani ya joto, na kwa malipo ya gunia. Ukimlipa mtu kwa gunia, kila pumziko analokaa linamkata feza, kwa hiyo hapumziki. Chakula nacho kiliingia mgodini kwa migongo ileile, kikauzwa ghali mara kadhaa kuliko barabarani, na katikati palikuwa na bariere. Shirika la IPIS lilipohesabu vizuizi vya barabarani mwaka 2017, lilikuta karibu 800 katika Kivu zote mbili. Mwanafunzi wa fiziolojia peke yake angeandika juu ya maji na pumzi. Wa biashara peke yake angeandika juu ya bei kwa kilo. Kilichomvunja mchukuzi ni vyote viwili vikishikana, na mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuvisomea pamoja.

Leo Bisie ni mgodi wa mashine. Alphamin ilianza uzalishaji mwaka 2019, na takriban asilimia 6 ya bati inayochimbwa duniani imekuwa ikitoka hapo. Mgodi ulisimama Machi 2025 waasi wa M23 walipokuwa wakiukaribia mji wa Walikale, kisha ukaanza tena mwezi uliofuata.

Mpira nimeuacha mwisho, ingawa kijana wangu alianzia hapo. Masisi kiwanja kimelala upande na mpira ukitoka unafuatwa bondeni. Walikale kinamezwa na majani mvua ikizidi. Kote kuwili vipaji vipo, daftari halipo. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu wa miaka ya mwanzo, hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu baadaye. Mchezaji akiuzwa kwa yuro milioni 10, klabu iliyokaa naye misimu miwili tu utotoni inastahili 50,000. Sharti klabu iwe imesajiliwa FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, na jina, tarehe ya kuzaliwa na msimu viwe vimeandikwa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi mahususi Paris ya kupitisha malipo haya. Iten, Kenya, kwenye mita 2,400, watu walijifunza kugeuza mwinuko wao kuwa kambi za mazoezi na nyumba za wageni; Masisi ina mwinuko, na amani ikirudi itahitaji wanaojua mapafu na mikopo.

Nilimwambia kijana asingoje Melbourne. Aanze usimamizi Goma, na atafute kozi za michezo kwa jirani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na Malya, mkoani Mwanza, kuna chuo cha maendeleo ya michezo. Wakati huohuo timu yake ijisajili, na awaandike wadogo zake wote wanaofikisha miaka 12, kwani kwa FIFA msimu huo umeshaanza kuhesabiwa.