Mtoto Alipandishwa kwa Bibi

Hivi karibuni, Watanzania waishio Reading, Uingereza, walipokutana, yalizuka tena maneno ya zamani: kwamba wakati wa korona wazazi wa nyumbani walirudisha watoto chekechea kana kwamba hakuna ugonjwa. Aliyesema hivyo ni mzaliwa wa Same, mkoani Kilimanjaro, na hilo ndilo lililowakera zaidi wenzake wa milima ya Upare.

Tarehe zenyewe zinamkatalia. Mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), alitangazwa 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazifunga shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Uingereza ilifunga zake tarehe 20. Kule England chekechea zilifunguliwa tena 1 Juni, lakini watoto wa awali wa Tanzania walisubiri mpaka 29 Juni. Nani basi alikuwa na haraka?

Wakati wa kufungwa, mama anayeuza chakula stendi ya Same hakuwa na kazi ya kufanyia nyumbani. Mabasi ya Dar na Arusha yalikuwa yakipita, na watoto walikuwa wanataka kula. Akafanya kile ambacho Wapare wamekifanya siku zote mambo yanapobana: mtoto akapandishwa kwa bibi. Wapo waliokwenda Mbaga, wapo waliokwenda Suji, wengine Chome chini ya msitu wa Shengena. Huko juu mtoto anakula makande, anamfuata bibi kwenye shamba la tangawizi, anakatazwa kuchezea kingo za ndiva, yaani bwawa la kienyeji la kumwagilia, na akishuka Same anajibu kwa Kipare hata anaposalimiwa kwa Kiswahili. Hakuna kituo cha kulelea watoto mchana, hapa wala Ulaya, kinachotoa malezi ya namna hiyo.

Ila bibi ndiye hasa ambaye ugonjwa ule ulikuwa hatari kwake.

Kwa hiyo shule zilipofunguliwa, swali halikuwa la mtoto peke yake. Akirudi darasani akae mjini moja kwa moja, au apande kila likizo na kupeleka mafua kwa mtu wa miaka sabini? Abaki mlimani, apoteze mwaka wa awali ambao Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya kuwa wa lazima? Na swali hilo lilijibiwa gizani, kwani takwimu zilikoma kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mzazi alibaki kuhesabu misiba ya mtaani kwake.

Halafu kuna maji. Serikali ilihimiza kunawa kwa maji tiririka na sabuni, na ndoo zenye koki zikawekwa kila mlango. Maji ya kuzijaza yatoke wapi, Same? Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, wa kuyatoa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza 2014, na korona ilipofika ulikuwa bado haujakamilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Machi 2025. Kufikia hapo watoto waliorudi darasani 2020 walikuwa wamemaliza chekechea zamani. Ukame wa Same haukuanza na korona, na hakuna wa kusingizia kwamba hakuujua. Mzazi aliyesita kumrudisha mwanawe kwa sababu ya ndoo tupu alikuwa na akili timamu kuliko aliyeagiza ndoo bila kuuliza maji.

Kule Uingereza, mzazi aliyekosa pa kumwacha mtoto angeweza kubaki nyumbani akilipwa hadi asilimia 80 ya mshahara, mwajiri wake akikubali. Baadhi ya chekechea ziliendelea kudai ada milango ikiwa imefungwa, mpaka mamlaka ya ushindani ikazionya.

Same hapakuwa na fidia. Wapo waliowashusha watoto wiki ile ile ya Juni, na wapo waliongoja Januari 2021, wakituma sukari na sabuni mlimani kwa gari la abiria ili wao wenyewe wasimkaribie bibi.