Siku Tano Nyuma ya Mekatilili

Mtahiniwa, bila shaka umekwisha kukariri sifa za mighani: huwa na jagina, husimulia matukio ya kihistoria, hutumia chuku. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama safari ya Mekatilili wa Menza kwa miguu nayo ni chuku, nami sikutaka kumjibu kwa kitabu pekee.

Kisa chenyewe unakijua. Mjane huyu wa Kigiriama alizunguka vijijini akicheza kifudu na kuwaapisha watu wasikubali kodi wala kazi ya kulazimishwa. Oktoba 1913 Waingereza walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali, Kisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Chukua ramani, piga mstari ulionyooka kutoka Kisii hadi Ugiriama. Unazidi kilomita 600, na hakuna binadamu atembeaye kwa mstari ulionyooka.

Mimi na mwalimu mwenzangu tulitembea kipande tu, Voi hadi Mariakani, karibu kilomita 120, katika likizo ya Aprili. Tulikuwa na lami, simu na vibanda vya kuuza maji. Yeye alikuwa mtoro anayesakwa. Kwetu kila kijiji kilikuwa mahali pa kuketi na kuagiza chai. Kwake, kila boma lilikuwa na swali: watanificha au watanitoa?

Kati ya Voi na Maungu ni nchi ya tembo. Tulikuta kinyesi kibichi kando ya barabara, tukaongeza mwendo bila hata kuambiana. Baadaye huja nyika ya Taru, vichaka vya miiba na mibuyu iliyoachana, na kufikia saa sita mchana hutamani kitu kingine ila kivuli. Siku ya tatu nilikunywa lita nne za maji na midomo bado ilipasuka. Nilipokuwa darasani nilidhani ugumu wa safari ile ulikuwa umbali. Ukiwa Taru, umbali huusahau; unawaza kisima kinachofuata.

Mackinnon Road tulipumzika kwenye msikiti ulio kando ya reli. Humo mna kaburi la Seyyid Baghali, mtu wa Punjab aliyefanya kazi ya kujenga reli. Husimuliwa kwamba karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Hiyo, mtahiniwa, ndiyo chuku, tena tamu. Sasa iweke kando ya kisa cha Mekatilili. Hakuna karai linaloelea. Kuna kuku na vifaranga wake, ambao inasemekana alimpa ofisa Mwingereza changamoto ajaribu kumnyang'anya kifaranga mmoja aone atakavyodonolewa, lakini kuku yeyote mwenye vifaranga hufanya hivyo. Linalotushangaza zaidi ni nyayo za mama mtu mzima. Ukitakiwa kutoa mfano wa chuku, basi, usiitaje safari ile. Itaje kwenye ujasiri wa jagina, na useme alitembea, usiandike "alisafiri". Kitenzi hicho kinambebesha gari asilokuwa nalo.

Jioni ya siku ya tano tuliingia Mariakani tukichechemea, malori yakitupigia honi. Kesho yake tukaenda Kaya Fungo. Mekatilili alikamatwa tena, na mwaka huohuo wa 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Miti ipo leo, na tangu 2008 misitu ya kaya za Mijikenda imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mzee aliyetupokea ukingoni mwa msitu alituambia tuvue viatu. Mwenzangu alivua upesi. Miguu yangu ilikuwa imevimba, na mzee akaketi juu ya gogo kunisubiri.